Mkeka na Cherehani: Historia ya Vikundi vya Kazi za Mikono vya Wanawake katika Bonde la Kilombero

Mkeka wa ukindu hauanzi kama mkeka. Huanza kama ukili, utepe mwembamba wa majani yaliyosukwa, ambao msukaji huuviringa kadiri unavyorefuka mpaka ukawa bunda la kubeba kwapani. Bunda likitosha, ukili hupimwa kwa pima, hukatwa, na vipande hulazwa ubavu kwa ubavu vikashonwa kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka. Ukili husukwa popote: njiani kwenda shamba, kizingitini mtoto akilala, kliniki watu wakingoja kuitwa. Kushona hutaka mahali pa kukaa, nafasi ya kutandaza, na mikono zaidi ya miwili. Katika hatua hiyo ya pili ndipo kikundi kinapozaliwa.

Kikundi cha wanawake cha kazi za mikono ni taasisi ya zamani katika Bonde la Kilombero, ingawa kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakikuwa na katiba, muhuri wala akaunti ya benki. Kimeonekana Ifakara mjini na vijijini, na kimeonekana katika vijiji vilivyojipanga chini ya Milima ya Udzungwa kandokando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara, Sanje kikiwa kimojawapo. Nchi nyingine zina taasisi inayofanana nacho katika wanawake wanaokutana kushona mifarishi ya viraka, yaani matandiko mazito yaliyounganishwa kwa vipande vya nguo. Kilombero, joto la bonde halimlazimishi mtu kulala na mfarishi, na vipande vinavyounganishwa zaidi ni vya majani. Kanuni ya kazi ni ileile: kila mtu huleta alichokitengeneza peke yake, na vya wote hufanywa kitu kimoja.

Majani yenyewe hutoka kwenye mkindu, mti wa jamii ya mitende unaopenda kingo za mito na ardhi yenye majimaji. Ardhi ya namna hiyo si haba. Mito huteremka kutoka Udzungwa, mmoja wao ukianguka kwa zaidi ya mita 150 katika Maporomoko ya Sanje, na Mto Kilombero hufurika kila masika kwenye uwanda mpana uliotambuliwa mwaka 2002, chini ya Mkataba wa Ramsar, kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Jani linalokatwa ni changa, lile ambalo bado halijafunguka. Likishafunguka hukakamaa na kuvunjika linapokunjwa. Mkataji anayejua kazi huchukua jani na kuacha kilele kinachofuata, maana mti unaonyang'anywa chipukizi zake zote hudhoofika na mwisho hufa. Majani huanikwa mpaka yapauke, huchanwa kuwa nyuzi za upana mmoja, na yale ya kutia rangi huchemshwa katika sufuria iliyokwisha kustaafu jikoni, kwa rangi ya unga inayonunuliwa dukani. Kabla ya kusuka hulainishwa kwa maji kidogo.

Hapo ndipo ufundi unapoanza kugombana na urafiki. Mikono haifanani: mmoja husuka kwa kukaza, mwingine kwa kulegeza, na vipande viwili vya ukili vyenye idadi sawa ya nyuzi vinaweza kutofautiana upana kwa nusu ya ukucha. Tofauti hiyo haionekani kwenye bunda. Huonekana mkeka unapofika nusu, upande mmoja unapokunjamana kama uso uliokasirika. Kikundi kinachotaka kushona pamoja hulazimika basi kukubaliana mapema kuhusu idadi ya nyuzi, upana wa kila uzi, rangi na mahali pa kila rangi. Anayesuka kwa kulegeza hupewa vipande vya kati, na mwenye mkono mzuri huachiwa taraza, yaani ukingo, kwa sababu taraza ndiyo inayopokea miguu ya watu na ndiyo inayotazamwa na mnunuzi. Mgawanyo huo wa kazi ni hukumu juu ya uwezo wa kila mtu, inayotolewa mbele ya wenzake, na vikundi vingi hujua kuitoa kwa mzaha ili isiume.

Mkeka ulikuwa na kazi nyingi kabla haujawa bidhaa. Ulitandikwa kitandani na sakafuni, ulianikiwa mpunga baada ya mavuno, ulitandazwa msikitini, na ulipelekwa msibani, ambako waombolezaji hukaa chini siku za matanga. Bonde lina Waislamu na Wakatoliki wengi wanaoishi mlango kwa mlango, Wapogoro, Wandamba, Wambunga na wengineo, na mkeka uliwahudumia wote bila kuulizwa dini. Kushona mikeka pamoja kulikuwa sehemu ya ushirikiano uleule uliowakutanisha wanawake kupalilia, kutwanga na kupika shughuli zinapotokea. Hapakuwa na jina la kikundi kwa sababu hapakuwa na mtu wa nje wa kutajiwa jina.

Sindano ya nguo ilikuja kwa njia nyingine. Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao katika eneo hilo ilirithiwa na Wakapuchini wa Uswisi waliowasili mwaka 1921, wakifuatana na masista wa Baldegg. Misheni popote zilipokwenda zilifuatana na darasa la kushona la wasichana: pindo, tundu la kifungo, kudarizi, kushona vazi la ibada. Lengo lilikuwa kumtengeneza mke wa Kikristo mwenye nyumba nadhifu. Wasichana walijifunza pindo na kifungo, na pamoja navyo wakapata kitu ambacho ratiba haikukitaja, nacho ni saa kadhaa za kukaa na wenzao bila mtoto mgongoni wala jembe mkononi.

Serikali ya kikoloni iliingia uwanja huu ikiwa imechelewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia idara yake ya maendeleo ya jamii ilianza kuhimiza klabu za wanawake, na mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika chini ya uongozi wa mke wa gavana, Lady Twining. Mafunzo yalikuwa ya kushona, kupika, usafi na malezi. Kenya ilipata chama chake, Maendeleo ya Wanawake, mwaka 1952, kwa mafunzo yaliyofanana. Klabu hizi zimesemwa vibaya na wanahistoria, na kwa haki, kwa kuwa zilimfundisha mwanamke aliyekuwa mkulima kamili kuwa mama wa nyumbani wa Kiingereza. Hata hivyo ziliacha nyuma yake utaratibu wenye manufaa: siku maalumu ya kukutana, mwenyekiti, na orodha ya majina.

Chama cha TANU kilikwenda kinyume cha njia hiyo. Badala ya kuunda klabu mpya, Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza tawi la wanawake la chama kuanzia mwaka 1955, alikwenda kwa wanawake pale walipokuwa wamekwisha kukutana. Mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, na mtandao wa vikundi vya ngoma ndio uliompelekea wanachama kwa maelfu. Siasa ya uhuru ilikuta vikao viko tayari, vina viongozi, vina michango na vina nyimbo. Mwaka 1962 tawi hilo na mabaki ya baraza la Lady Twining vilifuatwa na chombo kimoja, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

UWT ndiyo iliyokipa kikundi cha kijijini sura kinayoijua mpaka leo. Kadi, katibu, mtunza fedha, mgeni rasmi, risala, na kitenge cha sare vilienea nchi nzima kupitia kwake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na zaidi baada ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, wanawake walihimizwa kuanzisha miradi ya pamoja ya bustani, duka, hoteli ndogo na ushonaji. Mwaka 1973 lilianzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na baadaye UWT ikawa na tawi lake la uchumi, SUWATA. Mradi wa kushona uliomba kitu kimoja kuliko vyote, cherehani, na cherehani ya kikundi ilikuwa chanzo cha ugomvi kama ilivyokuwa chanzo cha fahari. Mkeka unaweza kushonwa na watu watano kwa pamoja. Cherehani ina kiti kimoja. Aliyekuwa na ufunguo wa nyumba ilimohifadhiwa alikuwa na cherehani.

Chenye faida isiyosemwa sana katika miaka hiyo ni kisomo cha watu wazima. Kampeni za redio, Wakati wa Furaha ya 1971, Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975, ziliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadili. Mtu ni Afya pekee iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Mwanamke aliyejifunza kuandika jina lake na hesabu za tarakimu mbili aliweza kushika daftari la kikundi: nani kaleta ukili pima ngapi, nani kalipa mchango, nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Daftari lilibadilisha zaidi mwenendo wa vikundi kuliko cherehani, kwa sababu lilihamisha kumbukumbu kutoka kwa mwenye sauti kubwa kwenda kwenye karatasi.

Sanje ilikuwa na hali yake. Kaskazini yake, Kidatu, Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, na mashamba ya miwa yakavuta watu kutoka mikoa mingi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikipita katika bonde hili. Mang'ula, kijiji jirani, ilikuwa na karakana na kambi ya wajenzi. Bwawa la umeme la Kidatu nalo lilijengwa katika muongo huohuo. Watu waliokuja kwa miwa, reli na umeme walikuja na wake zao, dada zao na mama zao. Katika kijiji kimoja wakakutana waliolelewa katika kusuka ukindu, waliolelewa katika kusuka vikapu vya milulu kule Iringa, waliojua kufuma kwa sindano mbili za sufu za nyanda za baridi, na waliojua kudarizi mito na vitambaa vya meza. Aliyetoka mbali na kwao hakuwa na shangazi wala wifi wa kumsaidia akijifungua au akiugua. Kikundi kilimpa watu wa namna hiyo, pamoja na majina yake: katika vikao vya wanawake wa bonde mtu huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, mkubwa huitwa dada au shangazi, na aliye rika moja huwa shoga.

Gari moshi liliwapa pia njia ya soko. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, ilikuwa soko linalotembea: mchele, ndizi na mboga zilipandishwa bondeni, na bidhaa za mjini ziliteremshwa. Mkeka ni mzigo rafiki kwa msafiri wa daraja la tatu. Unakunjwa, hauvunjiki, hauozi, na safari ikiwa ndefu unaweza kulaliwa kabla haujauzwa.

Upande wa Kanisa, Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, walianzisha umoja wao mwaka 1972, na wakaadhimisha miaka 50 jijini Dar es Salaam mwezi Septemba 2022. Bonde la Kilombero lenye parokia nyingi, ambalo tangu 2012 lina jimbo lake la Ifakara lililotengwa kutoka Mahenge, lilikuwa ardhi nzuri kwa umoja huo. Kazi za mikono za WAWATA zilikuwa vitambaa vya altare, sare, na mapambo ya sikukuu. Kikundi cha parokia kina jambo ambalo kikundi cha kijiji hakina: hakitegemei kuuza ili kiendelee kuwepo. Kina upungufu mmoja mkubwa pia, kwamba jirani Mwislamu, ambaye labda ndiye msukaji hodari kuliko wote mtaani, hayumo. Wengi wamelitatua hilo kwa kuwa katika vikundi viwili.

Muongo wa 1980 ulileta uhaba. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, viwanda vya nguo vikafanya kazi chini ya uwezo wake, na kanga ikawa kitu cha kupangia foleni. Hapo ujuzi wa viraka, ambao darasa la misheni liliufundisha kama adabu ya umaskini, ukawa elimu ya lazima. Shati la baba lilikatwa likawa la mtoto. Kanga iliyochanika katikati ilikatwa, kingo zikaletwa katikati na katikati ikapelekwa kingoni. Vipande visivyofaa tena kuvaliwa vikajaza mito au kuunganishwa kuwa tandiko. Kuanzia 1984 serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao, mitumba ilienea, na kushona kiraka kukarudi kuwa aibu.

Kwingineko historia hiyohiyo ya uhaba iliishia kwenye kuta za majumba ya makumbusho. Katika kitongoji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wanawake Weusi, wazao wa watumwa, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi za shambani ili kuzuia baridi kwenye nyumba za mbao. Mwaka 1966, wakati wa harakati za haki za kiraia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee ili kuuza walichoshona, na mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilioneshwa Houston na kisha New York, wahakiki wakaisifu kama michoro ya kisasa. Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki uko India. Wasiddi wa Karnataka, ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa bahari, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa kuanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na hawahesabu mfarishi umekamilika mpaka kila pembe ipachikwe vipande vya pembetatu viitwavyo phula, yaani maua. Msukaji wa Kilombero akioneshwa phula hatahitaji kuelezwa: ni taraza kwa jina jingine, alama kwamba kazi imefungwa.

Ndani ya bonde, pamba nayo imepata kikundi chake. Ifakara kuna chama cha wanawake wafumaji, Ifakara Women Weavers Association, ambacho wanachama wake hufuma vitambaa vya pamba kwa mashine za mkono. Ufumaji huo ni kazi tofauti na ukili, kwa sababu mashine haibebeki njiani na kazi yake haiwezi kufanywa mtoto akinyonya. Mfumaji huenda kazini kama mwajiriwa. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ifakara, kimoja katika vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia miaka ya 1970 kwa mfano wa Sweden, kimeongeza mafundi cherehani wenye mafunzo ya darasani. Katika miaka ya karibuni vyuo vya aina hii vimewapokea pia wasichana walioacha shule kwa ujauzito, wakiwa na watoto wao.

Mwaka 1992 Udzungwa ikawa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 1,990 na makao yake makuu Mang'ula. Jina la Sanje lilikuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu vya elimu ya wanyama tangu 1979, watafiti walipomtambua huko kima ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga muda wote huo. (Vikundi vya wanawake vimepata bahati kama ya ng'olaga: huhesabiwa kuwa vimeanza siku vilipoandikishwa.) Hifadhi iliwaruhusu wanavijiji kwa miaka mingi kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ilisitishwa mwaka 2011. Kwa wanawake safari ya kuni ilikuwa mzigo, lakini pia ilikuwa nusu siku ya kuwa pamoja porini. Ilipokoma, kutafuta kuni kukawa kazi ya mmojammoja, au ya fedha, na kikao cha ukili kikabaki karibu peke yake kama mahali pa mazungumzo marefu.

Ushindani mkali zaidi haukutoka msituni. Mkeka wa plastiki, mwepesi, wenye maua, unaooshwa kwa maji na kukauka kabla ya adhuhuri, uliingia madukani kwa bei ambayo msukaji hawezi kuishusha hata akijipunja. Turubali lilichukua kazi ya kuanikia mpunga. Ukihesabu siku za kukata, kuanika, kuchana, kutia rangi, kusuka na kushona, mkeka wa ukindu haumlipi mtu ujira wa kibarua wa miwa. Kwa hesabu hiyo vikundi vilipaswa kufa. Havikufa, na sababu iko katika mambo ambayo daftari la mauzo haliyaandiki.

La kwanza ni mazungumzo yenyewe. Kazi ya mikono ina sifa adimu: huwaruhusu watu kusema bila kutazamana. Anayetaka kueleza shida ya ndoa yake, ugonjwa wa aibu au deni, huieleza akiwa ameinamia ukili, na wasikilizaji nao wameinama. Ushauri hutolewa kwa mafumbo, kwa hadithi ya mtu wa kijiji cha mbali ambaye kila mmoja anamjua, au kwa wimbo. Mwali na mke kijana hujifunza hapo yale ambayo mama mzazi haoni haya tu bali pia hana ruhusa ya kimila kumwambia. Umbea upo, na vikundi vingi vina faini kwa anayetoa nje maneno ya kikao. Faini hiyo hukusanya fedha nyingi.

La pili ni ubunifu, ambao watu wa nje mara nyingi hudhani haupo kwa sababu mikeka hufanana. Msukaji ana rangi tatu au nne na pembe za mshazari ambazo ukili unamruhusu. Ndani ya mipaka hiyo hutafuta namna ya kufanya miraba itembee, mistari ivunjike na kurudi, au rangi mbili zibadilishane zamu kutoka ukili mmoja hadi mwingine. Mchoro huundwa kwa hesabu ya nyuzi, kichwani, bila karatasi. Mchoro mpya ukiletwa na mmoja, katika wiki chache huwa wa wote, na mwenye kuuleta hupata sifa badala ya malipo. Katika kikundi cha ushonaji hali ni hiyohiyo na vipande vya vitenge: mabaki ya chini ya meza ya fundi, ambayo yeye angeyachoma, huunganishwa kuwa mito, aproni na matandiko ya watoto, na ubishi wa rangi ipi ikae karibu na ipi unaweza kumaliza mchana mzima.

La tatu ni dharura. Mfuko wa kikundi huzikia, hupeleka mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, hulipa ada iliyochelewa. Upatu umekuwepo siku zote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umepata mwenzake, VICOBA, benki ya jamii ya kijijini ambayo asili yake ni vikundi vya akiba vya wanawake wa Niger, yenye hisa, mikopo na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Wanawake waliowahi kuteswa na ufunguo mmoja wa cherehani waliuelewa utaratibu huo mara moja.

Dola nayo imeendelea kuwa mfadhili asiyetabirika. UWT imebaki jumuiya ya chama tawala. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya Anna Tibaijuka likijitenga na vyama, lilifutwa mwaka 1997. Kwa kikundi cha kijijini kilichofika zaidi ni mkopo wa halmashauri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa masharti mapya. Vikundi hewa vilikuwa na katiba, muhuri na akaunti. Kilichokosekana ni watu waliowahi kukaa mkeka mmoja.

Mkeka na cherehani, vilivyokuja kwa njia mbili na kwa muda mrefu vikawa na wenyewe tofauti, siku hizi vimekutana katika bidhaa moja. Ni kikapu au mkoba wa ukindu uliotiwa bitana ya kitenge, zipu na mkanda wa bega. Ukili husukwa na wazee, bitana hushonwa na vijana, na mnunuzi anayelengwa ni mtalii anayeshuka kutoka maporomokoni, mtumishi anayekwenda ofisini, au bibi harusi. Huuzwa barabarani, huagizwa kwa simu kwa picha, na kila mwaka mwezi Agosti huonekana Morogoro katika maonesho ya Nane Nane, ikiwa imepangwa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa, kadi ya kikundi mbele. Mgeni huona mkoba mmoja wenye jina moja. Mwenye meza, akiulizwa, anaweza kuonesha kwa kidole ukili wa nani unaishia wapi na wa nani unaanzia hapo.